Enoch Sontonga: Mwalimu wa kwaya aliyetunga wimbo wetu wa Taifa, kisha kaburi lake likapotea

Kila asubuhi ya siku ya shule, watoto wa Chato, Muganza, Bwanga, Buseresere na kila kona ya nchi yetu husimama mstarini na kuimba Mungu Ibariki Afrika. Wimbo huo huo hupigwa timu ya Taifa inapoingia uwanjani. Ulipigwa hapa hapa Chato Machi 26, 2021, siku tulipomzika Rais wa Awamu ya Tano, Hayati Dk. John Pombe Magufuli. Karibu kila Mtanzania anaujua kwa moyo.

Ukiuliza nani aliutunga, wengi watakujibu ni wimbo wa Mwalimu Nyerere, au ni wa TANU. Lakini wimbo huu ulitungwa mwaka 1897, miaka 25 kabla Mwalimu Nyerere hajazaliwa. Aliyeutunga alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mshahara mdogo, katika mji wa machimbo ya dhahabu. Jina lake ni Enoch Mankayi Sontonga. Alifariki akiwa kijana, hajulikani sana, na kwa karibu miaka 90 hakuna aliyeweza kuonyesha kaburi lake lilipo.

Haya ndiyo maisha yake.

Kijana wa Uitenhage

Sontonga alizaliwa karibu mwaka 1873 katika eneo la Uitenhage, kusini kabisa mwa Afrika, katika jimbo ambalo leo linaitwa Eastern Cape. Alikuwa Mxhosa, kabila moja na Nelson Mandela, aliyezaliwa miaka mingi baadaye.

Wakati ule Waingereza walikuwa wameshaitawala sehemu hiyo kwa muda mrefu. Waxhosa walikuwa wamepigana vita nyingi kutetea ardhi yao na malisho yao, na wakashindwa. Baada ya vita hizo, njia iliyobaki wazi kwa kijana mwenye akili ilikuwa shule ya misheni. Sontonga alisomea ualimu katika chuo cha Lovedale, kilichoanzishwa na wamisionari kutoka Scotland. Chuo hicho kilikuwa na kiwanda cha uchapaji, na kilitoa walimu, wachungaji na waandishi wa magazeti ambao baadaye waliongoza siasa za Waafrika.

Katika shule za misheni za aina hiyo, vijana walifundishwa pia kusoma muziki kwa solfa, yaani do, re, mi, fa. Mwanakwaya yeyote wa kanisani hapa kwetu anaijua solfa. Mwalimu anaandika ubaoni, sauti ya kwanza wanashika ya kwao, ya pili ya kwao, tena na besi ya kwao, kisha wanaunganisha. Ndivyo Sontonga alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha wengine.

Mji uliozaliwa na dhahabu

Alipomaliza ualimu alipelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Methodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Leo eneo hilo liko upande wa Soweto.

Sisi tunaoishi jirani na Nyarugusu, Mgusu na Rwamgasa tunaweza kuuelewa mji ule bila maelezo mengi. Mwaka 1886 iligunduliwa dhahabu kwenye ukanda wa Witwatersrand. Ikatokea kile ambacho wachimbaji wetu hukiita rashi. Mahali palipokuwa na mashamba na nyasi pakajengwa mahema, kisha vibanda vya mabati, kisha nyumba za matofali. Miaka kumi baadaye Johannesburg ilikuwa na watu wapatao 100,000. Palikuwa na maduka, mabaa, makanisa, wezi, wahubiri na vijana kutoka kila kabila waliokuja kutafuta maisha.

Tofauti na mchimbaji mdogo wa kwetu ni kwamba kule sehemu kubwa ya dhahabu ilikuwa chini sana, ndani ya mwamba mgumu. Hiyo haikuweza kufikiwa kwa sururu na kamba. Ilihitaji makampuni yenye mitaji mikubwa, mashine, na wafanyakazi maelfu kwa maelfu wa bei rahisi. Wafanyakazi hao walikuwa Waafrika. Makampuni yakaungana kupanga mishahara, na mishahara ya Waafrika ikashushwa katika miaka ile ile ya 1896 na 1897. Sheria za pasi nazo zikakazwa, na mchimbaji Mwafrika akalazimishwa kuvaa beji ya chuma inayoonyesha yeye ni mfanyakazi wa nani. Akikutwa bila beji anakamatwa.

Baba na babu wa Watanzania wengine waliyaona machimbo hayo kwa macho yao. Miaka ya baadaye, wanaume wa Tukuyu na maeneo mengine ya nyanda za juu kusini walichukuliwa kwenda kuchimba huko kupitia shirika la kuajiri lililojulikana kwa jina la Wenela. Safari hizo zilisimamishwa baada ya nchi yetu kupata Uhuru.

Mwaka wa sotoka

Sontonga alitunga wimbo wake mwaka 1897. Ili kuuelewa, lazima tujue mwaka ule ulikuwa wa namna gani.

Ulikuwa mwaka wa sotoka. Wazee wafugaji wanalijua jina hilo. Ni ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika kupitia upande wa Ethiopia mwishoni mwa miaka ya 1880. Karibu mwaka 1891 ulipita katika nchi zetu za Maziwa Makuu na kumaliza mifugo kwa kiasi ambacho watu walikufa njaa. Kisha ukaendelea kusini. Mwaka 1896 ukavuka mto Zambezi, na mwaka 1897 ukafika katika nchi ya Waxhosa. Mtu aliyelala na zizi lililojaa aliamka maskini. Kwa mfugaji, ng'ombe ni akiba, ni mahari na ni heshima. Ng'ombe walipokwisha, vijana wengi hawakuwa na njia nyingine ila kwenda machimboni kutafuta fedha.

Kwa hiyo watoto waliokaa mbele ya Mwalimu Sontonga walikuwa watoto wa watu walionyang'anywa ardhi, waliopoteza mifugo, na sasa mishahara ya machimboni ilikuwa imeshuka. Upande wetu, mwaka huo huo Wajerumani walikuwa wakiitwaa nchi kwa bunduki, na Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikuwa bado porini akipigana nao.

Katika hali hiyo mwalimu huyu akaandika sala. Aliandika ubeti mmoja na kiitikio kwa lugha ya Kixhosa, akautia sauti nne, akawapa wanafunzi wake waimbe. Alikuwa anatunga nyimbo nyingi za shule, na nyingi zilikuwa za huzuni kuhusu mateso ya watu wake. Aliziandika kwa mkono katika daftari. Huu ulikuwa mmoja tu kati ya hizo.

Lakini kuna neno moja lililoutofautisha wimbo huu. Mtu wa wakati ule angeweza kuliombea kabila lake, au kanisa lake. Angeweza kumwombea Malkia wa Uingereza, kama walivyofundishwa shuleni. Sontonga aliliombea bara zima, Afrika. Wakati wenye nguvu walikuwa wameigawana Afrika mezani huko Ulaya, mwalimu wa darasani aliitaja kama kitu kimoja chenye watu wamoja.

Hakuwa peke yake katika mawazo hayo. Mwaka 1892 Mchungaji Mangena Mokone alikuwa amejitoa Kanisa la Methodisti kwa sababu ya ubaguzi na kuanzisha kanisa la Waafrika wenyewe, akaliita la Ethiopia. Miaka minne baadaye kanisa hilo liliungana na kanisa la Wamarekani weusi la AME. Sontonga alioa katika mazingira hayo. Mke wake, Diana Mgqibisa, alikuwa binti wa mchungaji wa AME. Walipata mtoto mmoja wa kiume.

Wimbo unatoka shuleni

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu Mchungaji Boweni wa Kanisa la Methodisti, aliyekuwa Mtsonga. Mwaka huo huo vita vikali vikaanza kati ya Waingereza na Makaburu, na kiini cha vita hivyo kilikuwa ni nani ataitawala nchi yenye dhahabu. Viliisha mwaka 1902 kwa ushindi wa Waingereza. Waafrika walitumaini kwamba mshindi angewapa haki zao. Hawakupewa.

Sontonga aliendelea na kazi zake. Alifundisha, aliongoza kwaya, alihubiri kanisani bila kuwa mchungaji, na alikuwa pia mpiga picha. Kwaya yake ilitembea sehemu mbalimbali za Johannesburg ikiimba nyimbo zake, na kwaya nyingine zikaanza kuziazima.

Aprili 18, 1905, akiwa na umri wa takriban miaka 32, alifariki kwa ugonjwa wa tumbo uliohusisha kidole tumbo kupasuka. Leo ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji. Miezi mitatu baadaye, upande wetu, vita vya Majimaji vikaanza.

Alizikwa katika makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, sehemu iliyotengwa kwa Wakristo weusi. Mjane wake alibaki na daftari la nyimbo. Inasimuliwa kwamba walimu wa kwaya walikuwa wakija kuliazima, mpaka siku moja ndugu wa familia alilichukua na halikurudi tena. Inasimuliwa pia kwamba mjane huyo aliuza haki ya wimbo kwa senti sita tu za Kiingereza. Diana alifariki mwaka 1929.

Wimbo unaingia kwenye siasa

Wimbo ulibaki hai bila mwenyewe. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliuimba kwenye maonyesho na kuueneza. Januari 8, 1912, viongozi wa Waafrika walikutana Bloemfontein na kuanzisha chama ambacho baadaye kilipewa jina la ANC. Dube akachaguliwa kuwa rais wa kwanza. Walipomaliza mkutano waliomba, kisha wakaimba wimbo wa Sontonga.

Mwaka mmoja baadaye, serikali ya Wazungu ikatunga Sheria ya Ardhi ya 1913 iliyowaachia Waafrika takriban asilimia 7 tu ya ardhi ya nchi yao. Kuanzia hapo kila mkutano wa kudai haki ulihitaji wimbo. Mwaka 1923 mwandishi na mwanasiasa Sol Plaatje aliurekodi kwenye sahani ya santuri jijini London. Mwaka 1925 ANC ikaufanya wimbo wake rasmi. Mshairi Mkubwa wa Kixhosa, Samuel Mqhayi, akauongezea beti saba zilizochapishwa mwaka 1927.

Jambo kama hili limewahi kutokea kwingine pia. Huko Vienna, Ulaya, Ludwig van Beethoven aliandika simfoni tisa, yaani muziki mrefu unaopigwa na kundi kubwa la wapiga ala. Simfoni ya tatu alikusudia kuiita kwa jina la Napoleon wa Ufaransa, akiamini huyo ndiye mkombozi wa wanyonge. Mwaka 1804 aliposikia Napoleon amejifanya mfalme mkuu, alilifuta jina hilo kwa hasira. Simfoni ya tisa, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1824, ina sehemu ya kwaya inayohusu undugu wa watu wote, na leo sauti yake ndiyo wimbo wa Umoja wa Ulaya. Beethoven naye hakuishi kuliona hilo. Lakini alipofariki mwaka 1827, maelfu walimsindikiza kaburini na jina lake likaandikwa juu ya jiwe. Sontonga hakuwa na jiwe.

Unafika kwetu

Kutoka kusini wimbo ulisafiri na walimu, wachungaji, wachimbaji na wanaharakati. Tanganyika nayo ilikuwa inachemka. TANU ilianzishwa Julai 7, 1954, lakini huku Usukumani serikali ya kikoloni iliipiga marufuku kwa miaka kadhaa. Mwaka 1958 majirani zetu wa Geita waliandamana hadi Mwanza kupinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa bila ridhaa yao. Septemba mwaka huo huo, Mwanza hiyo hiyo ikawa mahali ambapo viongozi wa vyama vya ukombozi wa Afrika Mashariki na Kati walikutana kuunda umoja wao, PAFMECA. Wazo la bara moja lenye watu wamoja lilikuwa limefika ng'ambo tu ya ziwa letu.

Tanganyika ilipopata Uhuru Desemba 9, 1961, ilichagua sauti ya Sontonga kuwa wimbo wa Taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Angalia jinsi wimbo wetu ulivyopangwa. Ubeti wa kwanza ni wa Afrika, na nchi yetu inakuja ubeti wa pili. Nchi nyingi hujitaja zenyewe tu. Baada ya Muungano wa 1964, jina la Tanganyika likabadilishwa kuwa Tanzania na wimbo ukaendelea.

Zambia nayo inaitumia sauti hiyo mpaka leo kwa maneno yake. Zimbabwe iliutumia tangu 1980 hadi 1994.

Kwao alikozaliwa mtunzi, mambo yalikuwa magumu zaidi. ANC ilipigwa marufuku mwaka 1960, na wanachama wake wengi wakakimbilia hapa. Walipewa kambi Kongwa mwaka 1964, na baadaye eneo la Mazimbu, Morogoro, walikojenga shule. Kwa hiyo kijana wa Afrika Kusini aliyekimbia nchi yake alikuta wimbo wa kwao unaimbwa na watoto wa Kitanzania mstarini, kwa lugha nyingine, kama wimbo wa Serikali.

Kutafuta kaburi

Afrika Kusini ilipata uhuru wa kweli mwaka 1994. Wimbo wa Sontonga ukawa mmoja wa nyimbo mbili za Taifa, na mwaka 1997 nyimbo hizo ziliunganishwa kuwa moja. Ndipo watu wakauliza mtunzi amelala wapi.

Watafiti walipekua vitabu vya makaburi ya Braamfontein kwa muda mrefu, wakitafuta jina la Sontonga. Halikuwepo. Baadaye ikagundulika sababu. Karani wa mwaka 1905 hakuandika jina la ukoo. Mtu mweusi kwake alitosha kwa jina moja, akaandika Enoch. Mtunzi wa wimbo wa mataifa alikuwa amepotea kwa sababu karani hakuona haja ya kuandika jina lake la pili.

Septemba 24, 1996, Rais Nelson Mandela alikwenda pale na kuzindua jiwe la kumbukumbu. Sehemu hiyo ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya Taifa, na Sontonga akapewa nishani, miaka 91 baada ya kifo chake.

Kwa nini tunakusimulia haya

Sontonga hakuwa kiongozi wa chama, na hakufungwa jela. Alikuwa mwalimu wa kwaya aliyeona hali ya watu wake na kuandika sala kwa ajili ya watoto wa darasa lake. Siasa ya wakati wake ndiyo iliyouchukua wimbo na kuupeleka mbali, kwa sababu ulisema kile ambacho watu wengi walikuwa nacho moyoni.

Watu kama yeye tunao. Hapa redioni tunaletewa nyimbo za kwaya, za ngoma za mavuno na za wachimbaji, zilizorekodiwa kwa simu. Mara nyingi zinakuja zimeandikwa jina la kijiji, au jina la kwaya tu. Aliyetunga hajatajwa. Ukiuliza, unaambiwa ni wimbo wa zamani, au ni wa mzee mmoja aliyekwisha kufariki. Ndivyo daftari la Sontonga lilivyopotea, na ndivyo kaburi lake lilivyopotea.

Simu uliyoshika sasa hivi inaweza kuandika. Ukirekodi wimbo, andika jina la aliyeutunga, majina yake yote, kijiji chake na mwaka. Kama mtunzi bado yuko hai, muulize yeye mwenyewe. Kama ameshafariki, waulize wanawe wakati bado wanakumbuka.

Na kesho asubuhi, mtoto wako akirudi kutoka shule, muulize kama anamjua aliyetunga wimbo alioimba mstarini. Kama hamjui, wewe sasa unaweza kumwambia.